Antene ikikwama, tusiivute kwa nguvu

Juma hili tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho nyumba nyingi za Butembo na Beni zinacho: antene ya radio, ile ya vipande vingi vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Inakwama, tunaivuta, inakatika. Radio inabaki kulia shiii, na tunaanza kutafuta franka za kununua nyingine.

Kwetu radio si ya muziki tu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni, kuna wamama ambao hawatoki kwenda shambani bila kusikia kwanza habari za njia. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Katika wakati huo wote, familia nyingi zilijua kwa radio namna ya kunawa mikono, mahali pa kupeleka mgonjwa, na kwa nini tusiguse maiti. Simu inataka chaji na megabaiti. Radio inataka betri na antene nzima. Kwa hiyo antene iliyokatika inaweza kunyima nyumba habari siku ile inayohitajiwa zaidi.

Tuanze na sababu ya urefu wake. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3. Antene inapokea vizuri ikiwa robo ya urefu huo, yaani karibu sentimita 75. Ikikwama katikati, sauti inapungua na kukwaruza, hasa bondeni au ndani ya nyumba ya mabati.

Wavuvi wa Ulaya na Asia wana fimbo ya kuvua samaki iliyotengenezwa kwa namna hiyohiyo: vipande vyembamba vinalala ndani ya vipande vinene, na mvuvi anavitoa kimoja kimoja. Hapa kwetu, Kyavinyonge na Vitshumbi kwenye Ziwa Edward, kazi inafanywa kwa nyavu na mitumbwi, basi fimbo hiyo hatuioni sana. Lakini mwenye nayo anajua shida yetu. Akivifungua kwa kuvuta sana, vipande vinabanana kama kabari kwenye mti, na kufunga kunakuwa vita. Mvuvi mzoefu hapigani nayo. Anaisimamisha wima, anagongesha kitako chake polepole juu ya ubao, au anashika pande mbili za kiungo kwa mpira na kuzungusha. Hekima hiyo inatufaa: kwanza tujue kitu kimekwama kwa sababu gani, halafu tukiguse.

Antene inakwama kwa sababu tatu. Ya kwanza ni uchafu: vumbi jekundu la barabara yetu likichanganyika na mafuta ya mikono na unyevu wa mvua, linakuwa kama gundi. Ya pili ni kupinda: kipande kimoja kikipata kona au bonde dogo, hakiwezi tena kuingia katika mwenzake. Ya tatu ni ya ndani: kila kiungo kina kijibati cha kukaza kipande kisicheze, na kijibati hicho kikihama, kinaziba njia. Uchafu tunauweza nyumbani. Kupinda kidogo tunakuweza pia. Kijibati kilichohama ni kazi ya fundi.

Kazi yenyewe ni hii. Tuzime radio, tutoe betri, tuilaze mezani. Mkono mmoja ushike mguu wa antene, pale inapoungana na radio, kwa sababu ndipo inapokatika mara nyingi. Tupanguse vipande vyote kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya vuguvugu na sabuni, kisha tukaushe. Maji yasimwagike ndani ya radio.

Tutazame kama imenyooka. Palipopinda kidogo, tupalaze juu ya ubao laini na kusukuma kwa kidole gumba, kidogo kidogo. Palipokunjwa kabisa kama karatasi tusipanyooshe, patakatika mkononi.

Baada ya hapo tutie tone moja la mafuta ya mashini ya kushona kwenye kiungo kilichokwama, kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Kama hayapo, tone la petroli ya taa linafaa, mbali na moto na mbali na watoto. Mafuta ya mawese tusiyatumie: kwa baridi ya Butembo yanaganda, na vumbi linayapenda. Tuache usiku mzima. Mafuta yanahitaji muda wa kupenya.

Asubuhi tuchukue vipande viwili vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Tushike pande mbili za kiungo, karibu kabisa nacho, na kuzungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Huku tunazungusha, tusukume ndani kidogo kabla ya kuvuta nje. Kuzungusha kunakata gundi ya uchafu, lakini kuvuta peke yake kunarefusha bomba jembamba mpaka likatike. Koleo la chuma lisikaribie hapo: linabana bomba, linapoteza umviringo wake, na halitaingia tena kamwe. Ikifunguka, tupanguse mafuta yote, la sivyo vumbi litarudi.

Kuna wanaouliza kama maji ya moto yanasaidia. Kwa antene yanasaidia kulainisha uchafu tu. Bomba lake ni jembamba mno, joto halilipanui kwa kiasi cha kuonekana. Kwa masufuria ni habari nyingine.

Vyama vyetu vingi vina masufuria ya pamoja, ya kupikia kwenye harusi na kilio. Kazi ikiisha usiku, yanaoshwa haraka na kupangwa moja ndani ya lingine yakiwa bado na maji na joto. Hewa iliyofungwa chini inapoa, inasinyaa, na kuvuta sufuria la ndani kama mtoto anavyovuta titi. Siku ya kazi nyingine tunakuta mawili yamekuwa moja, na wanaume wenye nyundo wanaitwa. Nyundo inaacha mabonde, na sufuria la chama ni mali ya wote.

Dawa yake ni rahisi. Tuweke maji baridi ndani ya sufuria la ndani, kisha tuyasimamishe yote mawili katika beseni la maji ya moto, moto uguse lile la nje. Sufuria la alumini lenye upana wa sentimita 30, likizidi joto la mwenzake kwa nyuzi 60, linapanuka kwa karibu sehemu 4 za kumi za milimita. Ni kidogo kuliko unene wa ukucha, lakini inatosha hewa kupita. Baada ya dakika chache tuzungushe, tusivute. Kwa glasi tutumie maji ya vuguvugu tu, yanayochemka yanazipasua. Kwa mabeseni ya plastiki tumimine maji ya sabuni ukingoni na kuzungusha. Na tukitaka yasikwame tena, tuyakaushe, yapoe, na kuweka kipande cha kikwembe cha zamani katikati.

Kama antene imekwisha kukatika, nyumba isikae kimya. Waya wa shaba wa sentimita 75, uliochunwa ncha moja na kufungwa imara kwenye kisiki cha antene, unafanya kazi ile ile. Uwe mbali na nyaya za umeme, usifungwe kwenye mabati ya nyumba, na radi ikianza tuutoe. Na radio tuiweke karibu na dirisha.

Tuseme pia neno juu ya watoto. Mtoto akikata antene anapigwa, na radio inapandishwa juu ya kabati asiifikie. Lakini ni nani aliyemwonyesha namna ya kuifunga? Sisi walimu tunafundisha darasani kwamba chuma kinapanuka kwa joto. Watoto wanaandika katika daftari, wanapata pointi zao, na jioni nyumbani masufuria yamekwama na hakuna anayekumbuka somo. Hilo si kosa la mtoto. Somo lilibaki shuleni. Tumwite, hasa msichana, ambaye mara nyingi anaambiwa vitu vya ufundi si vyake. Tumpe mpira na tone la mafuta. Tumwambie aeleze sababu ya kukwama kabla ya kushika. Tumfundishe pia kufunga antene kwa kushika karibu na kiungo, kipande baada ya kipande, badala ya kusukuma ncha yake kwa kiganja. Mtoto aliyefungua kitu kwa akili yake atakilinda kuliko aliyechapwa kwa ajili yake.

Kwa mkutano ujao tunaomba kila kikundi kilete kitu kimoja kilichokwama: antene, mwavuli, masufuria, glasi. Mwenye cherehani alete chupa yake ya mafuta, na mwenye baiskeli alete mpira uliochakaa. Tutafanya pamoja, na watoto wawepo. Nyundo zibaki nyumbani.