Je, Ubingwa wa Besiboli Unanunuliwa?

Tarehe 1 Novemba 2025, mjini Toronto, Los Angeles Dodgers walitwaa ubingwa wa besiboli ya kulipwa kwa mwaka wa pili mfululizo. Hakuna klabu iliyokuwa imetetea taji hilo tangu New York Yankees mwaka 2000. Kombe lilikuwa bado halijafika California na hukumu ilikwishatolewa: wamelinunua. Na kweli, ushahidi ulikuwa mezani. Desemba 2023 walimsajili Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 za miaka 10, na mwezi huohuo wakampa Yoshinobu Yamamoto milioni 325 za miaka 12. Yamamoto ndiye aliyerusha mipira ya mwisho usiku ule wa Toronto, siku moja tu baada ya kuanza mechi ya sita, akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Lakini irudie mechi ile ya saba, polepole. Katika kipindi cha tisa Dodgers walikuwa nyuma kwa pointi moja, na walikuwa wamebakiza wapigaji wawili tu watolewe msimu uishe. Aliyesawazisha ni Miguel Rojas, mkongwe wa miaka 36 aliyefika Los Angeles kwa kubadilishana wachezaji na Miami. Aliyeupiga mpira wa ushindi nje ya uwanja katika kipindi cha 11 ni Will Smith, aliyechukuliwa na klabu akitoka chuo kikuu mwaka 2016. Tanner Scott, aliyepewa dola milioni 72 kwa kazi ya kufunga mechi za aina hiyo, hakurusha hata mpira mmoja katika mtoano mzima. Mzigo wake aliubeba kijana Roki Sasaki, aliyetoka Japani kwa ada ya dola milioni 6.5 kwa kuwa kanuni zinabana malipo ya wageni walio chini ya miaka 25.

Nikiitazama orodha hiyo ninaona kwamba fedha za kuwasajili wachezaji huru hazinunui kombe. Zinanunua ruhusa ya kukosea. Klabu inayoweza kumkosa mtu wa milioni 72 na bado ikaendelea kushinda ina kitu ambacho wengi hawana, na kitu hicho hakipatikani kwa hundi moja nene.

Soko la wachezaji huru lina nusu karne sasa. Zamani mchezaji alikuwa mali ya klabu yake mpaka klabu yenyewe imwache. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru kwenda watakako, na mlango ukafunguka. George Steinbrenner, mmiliki wa Yankees, hakupoteza muda: alimsajili Reggie Jackson, akatwaa ubingwa mwaka 1977 na 1978. Imani kwamba hundi huleta kombe ilizaliwa hapo.

Klabu hiyohiyo ndiyo iliyoivunja. Mataji yake ya 1996, 1998, 1999 na 2000 yalisimama juu ya mabega ya vijana iliowalea yenyewe: Derek Jeter, Mariano Rivera, Jorge Posada, Andy Pettitte na Bernie Williams. Baada ya hapo ikawakimbilia nyota wa klabu nyingine, akiwemo Jason Giambi aliyepewa dola milioni 120, na misimu minane ikapita bila taji. Mwaka 2009 ilishinda, ikiwa imetoka kutumia zaidi ya dola milioni 420 kwa watu watatu, CC Sabathia, Mark Teixeira na A.J. Burnett. Tangu hapo haijashinda tena, na si kwa kukosa fedha.

Mwaka 2002 ndio unaonifundisha zaidi. Yankees walishinda mechi 103. Oakland Athletics, waliokuwa na mishahara isiyozidi theluthi moja ya ile ya Yankees, nao walishinda 103. Wote wawili wakatolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano. Msimu wa kawaida una mechi 162, na katika safari ndefu hivyo ubora hujitokeza wenyewe. Mtoano wa mechi tano hautoi muda huo: mrushaji mmoja akiwa na usiku mbaya, mpira mmoja ukiangukia mahali pasipo na mtu, mwaka mzima umekwisha. Hakuna mkataba unaoweza kuuondoa mkosi huo.

Kuna tatizo la umri pia. Mchezaji hulazimika kutumikia miaka sita katika ligi kuu kabla ya kuwa huru, hivyo wengi hufika sokoni wakikaribia miaka 30 au wakiwa wameivuka. Klabu inalipia aliyoyafanya kwingine. Los Angeles Angels walimpa Albert Pujols dola milioni 240 akiwa anakaribia miaka 32; mwaka uliofuata wakampa Josh Hamilton milioni 125. Baadaye walikuwa na Mike Trout na Ohtani pamoja kwa misimu sita, wasiingie mtoano hata mara moja. New York Mets nao, katika mwaka 2023, walivunja rekodi ya mishahara ya ligi wakamaliza na ushindi 75 na vipigo 87.

Kuna kesi moja inayonipinga, nami naiheshimu. Mwishoni mwa 2021 Texas Rangers waliwapa Corey Seager na Marcus Semien nusu bilioni ya dola kwa pamoja. Msimu uliofuata walipoteza mechi 94, watu wakawacheka. Wakaongeza milioni 185 kwa Jacob deGrom, aliyeumia baada ya kuanza mechi sita tu za 2023. Mwaka huohuo wakawa mabingwa, na Seager akawa mchezaji bora wa fainali. Fedha zilifanya kazi, ila baada ya msimu wa aibu na majeruhi wa bei mbaya.

Ubahili nao haujamvika mtu taji kwa sifa zake. Tampa Bay wamefika fainali mara mbili, 2008 na 2020, wakarudi mikono mitupu. Pittsburgh wanaumiza zaidi. Mwaka 2025 walikuwa na Paul Skenes, mrushaji bora wa ligi yake, aliyeruhusu chini ya pointi mbili kwa kila vipindi tisa. Akashinda mechi 10 na kupoteza 10, timu ikaburuta mkia katika kundi lake, kwa sababu wamiliki hawakumtafutia wapigaji.

Dodgers hutumia fedha zao hata pale kamera zisipofika. Mwaka 2022 waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, kwa ajili ya timu zao za chini. Klabu inayotafuta vipaji mpaka huko haitegemei soko la wachezaji huru peke yake.

Mkataba kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026, na kelele za kuweka kikomo cha mishahara zimeanza. Mgogoro wa kikomo hichohicho ndio uliofuta fainali za 1994. Mimi nasema waanze na kima cha chini: kila klabu inayopokea mgawo wa mapato kutoka kwa klabu tajiri ilazimishwe kuutumia kwa wachezaji, iwe kwa kuwasajili, kuwalea au kuwabakiza. Kikomo cha juu kingewabana Dodgers, lakini kisingemletea Skenes mpigaji hata mmoja.