Mwacheni Mama Aandike Nywila Yake

Karibu kila anayewafundisha watu wazima kutumia intaneti huanza na kanuni hii: usiandike nywila yako popote, ihifadhi kichwani. Inasemwa redioni, inabandikwa ukutani, na watoto wanawaambia wazazi wao kama jambo lisilo na mjadala. Mimi naona kwamba, kwa mtu anayeanza, kanuni hiyo inaumiza kuliko inavyolinda. Mama anayefungua barua pepe yake ya kwanza akiwa na miaka 60 aandike nywila yake kwa kalamu ya wino, ndani ya daftari, kwa mwandiko anaoweza kuusoma hata taa ikiwa hafifu.

Kanuni hii ina asili yake. Ni ya maofisini, ambako kompyuta moja hupitiwa na watu wengi na kikaratasi kilichobandikwa pembeni ya skrini husomwa na kila anayeingia. Pale ni sahihi mpaka leo. Kosa letu ni kuichukua kutoka ofisini na kuipeleka sebuleni bila kuuliza mwizi wa sebuleni ni nani.

Anayeiwinda barua pepe ya mama huyu hakai mtaani kwake. Hamjui kwa jina wala hana haja ya kumjua. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila za watumiaji milioni 32, zikiwa zimehifadhiwa wazi bila kufichwa. Zilipovuja ilionekana kwamba iliyopendwa kuliko zote ni 123456. Mwaka 2017 Yahoo ilitangaza kwamba wizi wa mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3. Hata pale kampuni inapozificha nywila kitaalamu, zile nyepesi ndizo hufumbuliwa kwanza. Kisha mwizi huachia programu ijaribu anwani ile ile na nywila ile ile kwenye tovuti nyingine, moja baada ya nyingine, usiku na mchana. Mtu anayetumia nywila moja kila mahali, akiibiwa mahali pamoja ameibiwa pote.

Na nani anayetumia nywila moja kila mahali? Ni yule aliyekatazwa kuandika. Hakuna kichwa cha kawaida kinachobeba nywila sita ndefu zisizofanana. Basi anachukua jina la mtoto wake wa kwanza, anamalizia na 123, na kuipeleka kila anakojisajili. Kanuni tuliyompa imlinde ndiyo iliyomfikisha hapo.

Kuna madhara makubwa zaidi ya hayo. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, simama katika steshenari yoyote yenye shughuli katika mji wa Tanzania utazame. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anafika kaunta na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki. "Una imeili?" "Sina." "Subiri nikufungulie." Anayefungua ni mhudumu, na anafungua haraka kwa sababu foleni imefika barazani. Anaandika jina la kijana, anaongeza namba mbili tatu, anaweka nywila anayowawekea wateja wake wote ili asihangaike kukumbuka. Mfumo unapoomba namba ya simu ya kurejeshea akaunti anaweka yake, maana ujumbe wa uthibitisho unatakiwa ufike pale pale. Kijana anaondoka na fomu iliyochapishwa. Miezi inapita, anahitaji kuingia tena, na hajui nywila. Akirudi anakuta mhudumu amehamia mji mwingine na laini ile haipatikani. Anwani hiyo ndiyo aliyoombea mkopo, ndiyo aliyoombea chuo, na akimaliza masomo ndiyo angeitumia kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini. Kenya mambo ni yale yale kwenye saiba, kwa anayetafuta PIN ya kodi ya KRA au akaunti ya huduma za serikali ya eCitizen.

Mhudumu huyu mara nyingi si tapeli. Ni mtu mkarimu anayefanya kazi ngumu kwa malipo kidogo. Lakini mwenye akaunti, kwa jinsi mifumo hii inavyofanya kazi, ni yule ambaye simu yake inapokea namba ya kuthibitisha. Anaweza kubadilisha nywila wakati wowote, na mwenye jina asijue. Kila tunapomwambia anayeanza kwamba nywila ni kitu cha hatari, kisichotakiwa kuguswa na karatasi, tunamsukuma amwachie mtu mwingine anayeonekana kujua. Ndiyo maana jambo hili linanikera.

Kuna anayeuliza: na namba ya siri ya M-Pesa je? Hiyo usiiandike. Mwizi wake yuko karibu: ni aliyekwapua mkoba wenye simu ndani, ni mtu aliyesimama nyuma yako kwa wakala, wakati mwingine ni kijana wa nyumbani. Simu na karatasi vikiwa mkoba mmoja, fedha zimekwenda. Isitoshe namba hiyo ni tarakimu 4 tu, kichwa kinaimudu, na ufupi wake hauleti shida kubwa kwa sababu mfumo hufunga baada ya kukosea mara chache. Nywila ya barua pepe hushambuliwa kutoka mbali, na aliye mbali hawezi kufungua kabati la chumbani. Ni vitu viwili vyenye maadui wawili, na tumevitungia kanuni moja.

Wataalamu wenyewe walianza kulegeza msimamo zamani. Bruce Schneier, mmoja wa watu wanaoheshimika sana katika usalama wa kompyuta, alishauri tangu mwaka 2005 kwamba watu waandike nywila zao na kuziweka kwenye pochi, kwa kuwa vikaratasi vyenye thamani tumezoea kuvitunza. Bill Burr ndiye aliyeandika, mwaka 2003, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotuletea nywila zenye alama za ajabu na kubadilishwa kila baada ya muda. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST ilitoa mwongozo mpya unaotanguliza urefu wa nywila na kuacha kuwalazimisha watu kuibadilisha bila sababu. Tena Google, ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, hukupa namba 10 za akiba za kuingilia simu isipokuwepo na kukuambia wazi kwamba unaweza kuzichapisha. Karatasi imekuwa sehemu ya usalama kwa watu walioutengeneza mfumo, ila mama anakatazwa.

Niliketi na mama mmoja jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliyetaka kuwasiliana na binti yake aliye Oman bila kumsubiri mjukuu arudi shule. Alikuwa na kaunta buku jipya. Nikamwambia achague maneno manne yasiyohusiana na maisha yake wala kufuatana katika methali, kwa sababu methali inayojulikana na wote inakisiwa na wote. Akaangaza huku na huku, akaandika maneno kama haya: ukwaju, bati, Jumatano, baiskeli. (Hayo si yake, yake yamo daftarini.) Akauliza, "Sasa mwanangu, nikisahau?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hatakiwi kukumbuka. Mabega yake yalishuka. Tukaweka namba yake mwenyewe ya simu, ile anayoitumia kila siku, kwa maana laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Ukurasa uliofuata akanakili namba za akiba, moja kila mstari, kwa mwandiko ule ule wa kadi za wagonjwa. Akajitoa kwenye akaunti, akaingia tena mwenyewe, akakosea herufi kubwa moja, akarudia. Hakuna nilichokigusa.

Chini ya kanuni ya kutoandika nywila imelala imani nyingine, kwamba anayetapeliwa mtandaoni ni mjinga. Machi 2025 Troy Hunt, raia wa Australia aliyeanzisha huduma ya Have I Been Pwned inayowaarifu watu taarifa zao zinapovuja, alinaswa na barua pepe ya uongo. Alikuwa London, amechoka kwa safari ya mbali. Akaingiza nywila yake kwenye ukurasa bandia, na orodha ya wasomaji wake wapatao 16,000 ikachukuliwa. Kama yeye amenaswa, hatuna haki ya kumwita mjinga mzee aliyebonyeza kiungo. Aibu ndiyo huwafanya wengi wanyamaze wanapotapeliwa, wakati Tanzania namba ya simu ya tapeli inaweza kutumwa kwa ujumbe kwenda 15040, na wa kwanza kusema huwaokoa wanaofuata.

Tukio la Hunt lina somo la kiufundi linalowafaa wanaoanza kuliko mahubiri yote kuhusu umakini. Programu yake ya kutunza nywila haikujijaza kwenye ukurasa ule, kwa sababu anwani haikuwa ya kweli. Mwenyewe aliandika kwamba dalili hiyo ilimpita. Kivinjari cha simu hufanya kazi hiyo hiyo bure: ukikiruhusu kuhifadhi nywila, kitaijaza kwenye tovuti ya kweli tu. Mfundishe mama kwamba siku nywila isipojijaza, asiandike chochote. Afunge ukurasa, aandike mwenyewe anwani anayoijua. Hilo lina msaada kuliko kumwambia atafute picha ya kufuli. Kufuli husema tu kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa; bahasha iliyobandikwa vizuri haikuambii aliyeituma ni mwaminifu. Matapeli nao wana kufuli, na Chrome iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa kuwa watu walikuwa wanaielewa visivyo.

Kuna nyumba ambazo daftari halifai. Mwanamke anayeishi na mume anayempekua simu, au mzee ambaye ndugu wanamvizia pensheni, adui wake yuko ndani. Kwake afadhali programu ya kutunza nywila iliyofungwa kwa alama ya kidole, au daftari likae kwa dada anayemwamini. Anayefundisha aulize hilo kwanza, faraghani, kabla ya kutoa ushauri wowote. Ila tusiwanyime walio wengi kwa sababu ya hali hizo.

Na wenye steshenari, ambao kwa kweli ndio walimu wa intaneti wa Tanzania, nawaomba jambo moja. Jazeni fomu, pigeni skani vyeti, fungueni hata hiyo anwani. Mkifika kwenye nywila, geuzeni kibodi. Mpeni mteja karatasi na kalamu, mtazame pembeni, na namba ya simu iwe yake hata kama ujumbe utachelewa kufika na foleni inanung'unika.