Tusiwatishe Wajawazito wa Manga

Septemba 22, 2025, Rais Donald Trump aliwaambia wajawazito wa Marekani wajiepushe na Tylenol, akidai kwamba inahusiana na usonji wa watoto. Tylenol ni parasitamoli, ile ile ambayo huku Manga, Kaunti ya Nyamira, twaiita Panadol hata pakiti iwe na jina jingine. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani lilijibu kuwa hakuna ushahidi thabiti wa madai hayo, lakini hofu ilikuwa imeshavuka bahari.

Wasiwasi wenyewe haukuzuka siku hiyo. Mwaka 2021 kundi la wanasayansi lilihimiza wajawazito wasimeze dawa hii bila sababu ya kitabibu, na wakiimeza, iwe kidogo na kwa muda mfupi. Huo ni ushauri mwema. Kisha 2024 ukatoka utafiti wa Sweden uliohusu watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Watafiti hawakuishia kulinganisha watoto wa jirani na jirani. Walilinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja ambaye mamake alitumia dawa akiwa na mimba yake na mwingine ambaye mamake hakutumia. Tofauti ndogo ya hatari ya usonji iliyoonekana mwanzoni ikatoweka.

Sasa tupande milima yetu. Nyanda za Gusii hupata malaria ya mlipuko, kama ile ya 2002, na kinga ya wenyeji dhidi yake ni hafifu kuliko ya watu wa kando ya Ziwa Victoria. Homa hiyo yaweza kuharibu mimba, na joto lake hushushwa kwa Panadol. Mjamzito aliyeogopeshwa Panadol bado ataumwa, na atateremka sokoni kuomba “dawa ya kichwa” nyingine. Hapo ndipo kuna hatari. Brufen na diclofenac, kuanzia wiki ya 20, zaweza kudhuru figo za mtoto tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Vidonge vingine vya mchanganyiko vina aspirini asiyoijua mnunuzi, hasa vikiuzwa viwili viwili ndani ya kikaratasi. Tena kichwa kinachouma sana baada ya miezi mitano, uso ukivimba, chaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Kichwa hicho hupimiwa presha siku hiyo hiyo; kukinyamazisha kwa kidonge ni kucheza na roho mbili.

Na tukome kumsaka mama wa kulaumiwa. Mwenye mtoto wa usonji ameshasikia ya laana na ya uchawi. Sasa tumwongezee na Panadol?

Wenye kemisti wa Kisii na Nyamira, tunawaomba: muulizeni kila mama mimba yake ina miezi mingapi kabla hamjamuuzia, na mwandike jina la dawa juu ya kikaratasi. Nawe mama, ukipatwa na homa, nenda ukapimwe malaria leo, usingoje siku ya kliniki.