Pesa za utafiti wa sayansi: vyuo vya Goma vipewe nafasi ya kushindana

Kila asubuhi huko Kituku, wanawake na vijana huchota maji ya Ziwa Kivu kwa bidoni. Chini ya maji hayo kuna takriban kilometa za ujazo 60 za gesi ya metani na 300 za kaboni dioksaidi. Nyuma ya mji kuna Nyiragongo, iliyolipuka 1977, 2002 na 2021. Mtoto wa Goma anahitaji sayansi ili kulinda uhai wake: ajue kwa nini maji hutiwa klori, kwa nini mazuku huua bila kuonekana, kwa nini boti iliyojaa kupita kiasi huzama, kama ile ya 3 Oktoba 2024 karibu na Kituku.

Lakini nani anachunguza kama masomo hayo yanamfikia mtoto darasani? Walimu wa sekondari wanatoka ISP-Goma, watafiti wako UNIGOM na ULPGL. Hata hivyo, mara nyingi vyuo vya hapa huitwa kukusanya takwimu tu, huku mradi ukiongozwa kutoka Ulaya. Neno «mazuku» ni la hapa, na leo limo katika majarida ya sayansi ya dunia. Maarifa yanatoka hapa, ila bajeti inapangwa mbali.

Vyuo hivi havikosi akili. Vinakosa ofisi ya kuandaa dosie, hesabu zilizokaguliwa na watu wa kujibu matangazo ya Kiingereza. Tena, tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Mfadhili anayedai akaunti ya benki ya mjini amekwisha kuwatoa mashindanoni.

Marekani ilikutana na tatizo linalofanana: vyuo vikubwa vilichukua sehemu kubwa ya pesa. Mwaka 1998 shirika la NSF lilianzisha programu maalumu kwa vyuo vya kihistoria vya Waamerika weusi, yenye ruzuku za kupanga, za kuimarisha masomo na za kuanzisha utafiti.

Wapo watakaosema huo ni upendeleo. Hapana. Kazi ipimwe kwa kipimo kilekile na pesa zikaguliwe. Kinachoombwa ni msaada wa kufika mlangoni.

Wafadhili wapokee maombi kwa Kifaransa, watoe ruzuku ndogo za maandalizi, na wadai mtafiti wa hapa awe kiongozi mwenza mwenye sauti juu ya bajeti. Vyuo navyo viungane, vifungue ofisi moja ya miradi badala ya kila kimoja kuhangaika peke yake. Na Kinshasa ikumbuke lengo la Umoja wa Afrika la kutenga 1% ya pato la taifa kwa utafiti.

Kabla ya mlipuko wa Mei 2021, kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilikaa miezi kadhaa bila intaneti baada ya ufadhili wa nje kukatika. Goma isingoje somo hilo mara ya pili.