BWANA SHAMBA ANAKUELEZA: Springi Mpya Haziongezi Breki

Ndugu mkulima,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Mwezi huu tuzungumze juu ya kuyasafirisha. Mazao yanaweza kutoka shambani salama, yakapotea njiani.

Hapa mkoani Songwe mazao yetu husafiri mbali. Mpunga hutoka bonde la Kamsamba ukapanda hadi Mlowo. Kahawa na mahindi hutoka vijiji vya Mbozi. Maharage hutoka milima ya Ileje. Mazao mengi huishia Mlowo, Vwawa au Tunduma mpakani. Wakulima wengine wamejiunga katika vikundi na kununua pikapu. Hilo ni jambo jema. Lakini kila msimu wa mavuno swali ni lile lile: "Bwana Shamba, tukiongeza springi, gari letu litabeba gunia ngapi zaidi?"

Jibu ni hili. Halitabeba hata gunia moja zaidi ya uzito uliowekwa na kiwanda. Tuone sababu zake.

SPRINGI NI NINI?

Lala chini utazame nyuma ya pikapu. Utaona vyuma virefu vilivyopinda kama upinde, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Vyuma hivyo huitwa pleti za springi. Katikati vimefungwa kwenye difu kwa bolti zenye umbo la U. Ncha zake zimeshikwa kwenye chesesi.

Mzigo ukipakiwa, pleti hunyooka. Gari likipita shimoni, pleti hunyooka zaidi kisha hurudi. Kazi yake ni kubeba mzigo na kupunguza mshtuko wa barabara.

Springi zikichoka, au pleti moja ikivunjika, gari hulala nyuma. Pua huinuka juu. Taa za mbele huangaza juu na kumpofusha dereva anayekuja. Tairi za mbele hukosa uzito, na usukani huwa mwepesi mno. Gari la namna hiyo ni hatari, na springi zake lazima zitengenezwe.

Lakini angalia jambo moja. Gari linalolala nyuma linakuonya kwamba limezidiwa. Ukiongeza pleti, gari halilali tena. Uzito bado ni ule ule, ila sasa huoni dalili. Tairi ni zile zile. Difu ni ile ile. Breki ni zile zile. Ndiyo maana nasema springi haziongezi breki.

PIGA HESABU KWANZA

Kila gari lina kibao au kadi yenye uzito wake. Mara nyingi kibao kipo mlangoni au kwenye injini. Kama husomi maneno yake, mwombe fundi akusomee. Tafuta namba mbili: uzito wa gari tupu, na uzito wa gari pamoja na mzigo wote.

Tuseme uzito wa gari na mzigo wote ni kilo 2,700. Uzito wa gari tupu ni kilo 1,700. Toa: 2,700 – 1,700 = kilo 1,000.

Je, kilo 1,000 ni gunia 10 za kilo 100? Hapana. Dereva na utingo nao ni mzigo. Tuseme wote wawili wana kilo 140. Toa tena: 1,000 – 140 = kilo 860. Basi pakia gunia 8, usizidishe.

Sasa tuje kwenye lumbesa. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini bado wapo wanunuzi wanaotaka gunia lishonewe kilemba juu. Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130. Gunia 8 ni kilo 1,040. Umepakia gunia 8 zile zile, lakini umezidisha kilo 180. Dereva amehesabu magunia, hakuhesabu kilo.

Mkulima anayepakia lumbesa hupata hasara mara mbili. Kwanza anampa mnunuzi mazao ya bure. Pili anavunja gari lake mwenyewe. Pima magunia kwenye mizani ya chama chenu cha ushirika kabla ya kupakia.

KAMA SPRINGI ZINAHITAJI KUTENGENEZWA

Mtafute fundi anayejua kazi ya springi. Kisha fuata mambo haya:

1. Tazama zilizopo kwanza. Mara nyingi gari halihitaji pleti za kuongeza. Linahitaji tu kubadilishiwa zilizovunjika au zilizochoka. Tazama pia bushi za ncha za springi.

2. Usikubali pleti iliyovunjika iungwe kwa kuchomelea. Moto huharibu ugumu wa chuma cha springi. Itavunjika tena, pengine mkiwa mteremkoni.

3. Pleti mpya iwe na upana sawa na zilizopo. Usikate pleti ya lori na kuilazimisha kwenye pikapu.

4. Tengeneza pande zote mbili sawa. Ukiongeza kushoto tu, gari litaenda upande.

5. Kama ni lazima kuongeza, chagua pleti fupi ya chini, ile inayogusa wakati gari lina mzigo tu. Springi ngumu mno hufanya gari tupu kurukaruka. Tairi zikiruka hazishiki barabara, na breki hazisaidii.

6. Tumia bolti mpya za umbo la U. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudi kwa fundi azikaze tena, kwa sababu hulegea.

7. Tazama shokapu. Shokapu iliyovuja mafuta haizuii springi kurukaruka. Ibadilishe.

8. Mwulize fundi juu ya kifaa cha breki za nyuma.

Jambo hili la 8 wengi hawalijui, kwa hiyo nitalieleza zaidi. Pikapu nyingi zina kifaa kidogo kwenye chesesi, juu ya difu. Kimeunganishwa na difu kwa fimbo nyembamba ya chuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Nyuma ya gari ikiwa juu, kifaa hujua kwamba gari ni tupu. Basi hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisiteleze. Nyuma ikishuka, kifaa hujua kwamba gari lina mzigo. Basi huachia nguvu zaidi.

Ukiongeza springi, nyuma haishuki kama zamani. Kifaa kinadanganyika. Gari limejaa magunia, lakini chenyewe hujua gari ni tupu. Breki za nyuma hupata nguvu kidogo, na za mbele hufanya kazi karibu yote. Katika mteremko mrefu kama ule wa Senjele, breki hizo hupata moto na kuchoka. Kwa hiyo, springi zikibadilishwa, fundi arekebishe fimbo ya kifaa hicho siku ile ile. Asikifunge kwa waya, wala asikiondoe.

KAMA UNAVUTA TELA

Tela nalo hukandamiza nyuma ya pikapu. Panga mzigo ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iwe kwenye kiungio. Tela la kilo 600 pamoja na mzigo likandamize kiungio kwa kilo 60 hivi. Kilo hizo 60 zihesabu kama mzigo wa pikapu. Uzito wote wa tela nao usizidi ule ambao kiwanda kimeruhusu gari livute.

Weka magunia mazito juu ya ekseli ya tela, na mbele yake kidogo. Ukiyaweka nyuma, tela litainua mkia wa pikapu na kuyumba kushoto na kulia. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Usikanyage breki kwa ghafla. Na kabla ya safari funga mnyororo wa usalama, maana kiungio kinaweza kuchomoka.

NJIANI

Jaza upepo wa tairi kama kibao cha gari kinavyosema kwa gari lenye mzigo. Kwenye mteremko ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Usiweke gia huru ili kuokoa mafuta. Mafuta hayo ni machache, na maisha hayanunuliwi.

Usipakie watu juu ya magunia. Najua mama akiwa na debe lake la maharage na mtoto mgongoni ni vigumu kumwacha kijijini siku ya mnada. Lakini gari likiyumba, yeye na mwanawe ndio watakaoanguka kwanza. Mwache akae mbele kama nafasi ipo, na punguza gunia moja kwa ajili yake.

Wengine watasema safari mbili zina gharama kubwa. Ni kweli zinakula mafuta. Lakini ekseli ikikatika katikati ya pori kati ya Kamsamba na Mlowo, mtalipa gari la kuvuta, fundi, vipuri na walinzi wa mazao. Mvua ikinyesha, mpunga utalowa. Kaeni kikundi kizima, andikeni gharama zote mbili kwenye daftari, kisha mwamue.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu linaruhusiwa kubeba kilo ngapi?
2. Ukitoa dereva na utingo, zinabaki gunia ngapi za kilo 100?
3. Kwa nini springi mpya haziongezi nguvu ya breki?
4. Nani katika kikundi chetu atapima magunia kabla ya kupakia?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya panya katika ghala. Asiyejua kusoma, asomewe na jirani yake.

Kazi njema.

Bwana Shamba wenu