Watunzi wa Sinema Wanapoagizwa Kuiga

Mpenzi wa sinema aliyekaa gizani kwenye kiti chake hausikii mzozo huu, lakini baina ya watunzi wa muziki na waongozaji ni mzozo mkubwa. Picha zikishapigwa, na kabla mtunzi hajaitwa, wale wanaoziunganisha huchukua muziki wa watu wengine uliokwisha rekodiwa, wakaubandika kwa muda tu ili kazi iendelee. Hapo ndipo penye matata. Mwongozaji huusikia muziki huo wiki nenda wiki rudi mpaka unamkaa masikioni, na mtunzi anapofika huambiwa atunge kitu kama hicho hicho.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Alex North. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alitoa sinema ya safari za angani, "2001: A Space Odyssey". North alikuwa amekwisha itungia muziki, na okestra ikaupiga. Kubrick akautupa, akabaki na kazi za Richard Strauss, Johann Strauss na György Ligeti. Masikini North hakuambiwa! Alikwenda kuitazama sinema akitazamia kusikia kazi yake, asiisikie hata kidogo. Muziki ule ulirekodiwa upya chini ya Jerry Goldsmith na kutolewa 1993, naye North alikwisha fariki tangu 1991.

Wapo watakaosema Kubrick alifanya vyema, kwani nani leo aweza kuiwaza sinema ile bila tarumbeta za Richard Strauss? Haya, ni kweli. Lakini Kubrick aliutumia muziki wenyewe. Hakumwamuru mtu aunakili. Siku hizi wengi huagiza nakala, na ndiyo maana sinema nyingi za gharama kubwa zinasikika kama ndugu wa tumbo moja.

Hata kuutumia wenyewe kuna hasara yake. Kipande kimoja cha Max Richter kilichotoka 2004 kilitumiwa katika "Shutter Island" ya 2010, kikaifungua na kuifunga "Arrival" ya 2016, tena kikasikika katika "Hamnet" ya 2025. Kwa ajili ya kipande hicho, muziki ambao Jóhann Jóhannsson aliitungia "Arrival" ulizuiwa kushindania Oscar, kwa kuwa wapiga kura wangeweza kuvutiwa na muziki usio wake.

Dawa ipo, wala si mpya. Mwaka ule ule wa 1968 Sergio Leone alitoa "Once Upon a Time in the West". Ennio Morricone alikuwa ametunga muziki kabla kamera hazijaanza kazi, nao ukachezwa pale pale pa kupigia picha ili waigizaji waufuate. Hildur Guðnadóttir naye alianza kuitungia "Joker" kwa kusoma hadithi tu. Joaquin Phoenix alipocheza dansi ile ya chooni alikuwa akiusikia muziki huo, na mwaka 2020 ukampatia mtunzi Oscar.

Kinachotakiwa ni kumwita mtunzi mapema, basi. Lakini wenye fedha zao hupenda kusikia kwanza kile kilichokwisha kuuzika.