Mzee Wetu na Dawa Zake Mbili

Khabari tutakayoizungumza mwezi huu ni katika zile ambazo wazee hawazitaji mbele ya watoto wao, wala watoto hawathubutu kuwauliza wazee wao. Tulifikiri sana kabla ya kushika kalamu, kwani gazeti hili husomwa na mama na binti yake, na mkaza mwana, na kijana aliyekaa ubavuni mwa babu yake. Lakini Masahaba, wake kwa waume, walikuwa wakimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, mambo ya janaba na ya hedhi, kwa kuwa walitaka kujua watasali vipi. Basi tukaona kunyamaza hakutufai, hasa kwa sababu katika khabari hii sisi wenyewe tumo, tena tumo upande wa makosa.

Yuko mzee mmoja mtaani petu ambaye kwa miaka mingi hakukosa safu ya kwanza. Mara akaanza kutoonekana Isha, kisha Alfajiri, na Ijumaa akawa akisali nyuma kabisa karibu na mlango. Imamu akitoa salamu tu, yeye amekwisha toka. Watu wakasema amekasirikiana na imamu. Wengine walisema mengine ambayo hatutaki kuyaandika. Mjukuu wake ni mwanafunzi wetu wa chuoni, na siku moja tulipomkemea kwa kusinzia mbele ya msahafu alijibu: "Maalim, Babu huamka mara tano usiku kwenda chooni, na mimi ndiye nimshikaye mkono."

Tukaenda kumzuru. Alipojua tulilojia alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, nikitawadha, sijafika mlangoni nimekwisha haribikiwa. Nitasimamaje safu ya mbele na nguo si tahiri?"

Upande wa fikihi tulimjibu papo hapo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mtu asiyeweza kuuzuia mkojo ana hukumu yake. Wakati wa sala ukisha ingia hujisafisha, akajifunga kitambaa au pamba, akatawadha kwa ajili ya faradhi ile, akasali bila ya kukawia; na kitakachomtoka kati ya hayo hakimharibii sala. Faradhi nyengine ikifika, hutengeneza upya. Mzee wetu aliisoma hukumu hii tangu ujana wake, na huenda amepata kuwasomesha wengine. Lakini mtu akisoma mlango ule wa kitabu hadhani kwamba umeandikwa kwa ajili yake.

Upande wa dawa tulimpeleka hospitali, na ingelikuwa kheri lau tungeliishia hapo.

Tezi dume ni kiungo cha kila mwanamume. Hukaa chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija utokao humo, kama pete izungukavyo kidole. Kwa kijana ni ndogo, uzito wake kadiri ya gramu 20. Umri ukizidi nayo huzidi, hata kiasi cha nusu ya wanaume waliofikia miaka 60 imekwisha kukua kwao, na kwa wenye miaka 80 ni wengi zaidi, ingawa si wote wanaotaabika nayo. Kukua huku si saratani wala hakugeuki kuwa saratani, lakini mtu mmoja aweza kupatwa na yote mawili, na ndiyo maana yapasa apimwe. Pete ikibana, mkojo hutoka kwa kusita na kwa uzi mwembamba, kibofu hakiishi maji, usingizi hukatikakatika, na matone humfuata mtu baada ya kustanji.

Daktari alimpima mzee wetu, akaiona tezi imekuwa kubwa, akampa dawa mbili: tamsulosini na finasteridi. Mzee akauliza njiani ambalo sote tungeliuliza: ugonjwa mmoja, dawa mbili za nini? Sisi hatukuwa na jawabu, na badala ya kurudi kumwuliza mwenye elimu yake, tulicheka tukasema madaktari wa siku hizi wapenda vidonge.

Jawabu ni hili. Pete ile hubana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni misuli iliyomo ndani ya tezi na shingoni mwa kibofu, ambayo hujikaza. Tamsulosini na dada zake, kama doksazosini na alfuzosini, huilegeza misuli hiyo kama mtu alegezaye fundo, na katika siku chache au majuma machache mgonjwa huona nafuu. Lakini tezi yenyewe hubaki vile vile, nayo huendelea kukua. Sababu ya pili ni huo ukubwa wa tezi. Tezi hulishwa na homoni ambayo mwili huitengeneza kutokana na homoni ya kiume, kwa kazi ya kimeng'enya maalumu. Finasteridi na dutasteridi hukizuia kimeng'enya hicho. Tezi hukosa chakula chake ikanywea kidogo kidogo, na ikifika mbali hupungua kadiri ya robo. Kazi hiyo haifanyiki kwa juma moja. Miezi 6 au zaidi hupita kabla mtu hajahisi kitu.

Namna ilivyojulikana dawa hii ya pili ni jambo la ajabu. Mwaka 1974 Bibi Julianne Imperato-McGinley na wenzake walitangaza khabari za jamaa fulani katika Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Watu hao hukua wakawa wanaume wenye nguvu zao, lakini tezi dume yao hubaki ndogo. Wataalamu wakajiuliza: je, yawezekana kulifanya kwa dawa lile ambalo kwa watu hawa limekuja kwa maumbile? Finasteridi iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1992.

Turudi kwa mzee wetu. Juma la pili alikuja mwenyewe mlangoni petu na uso mkunjufu, anaamka mara mbili tu. Mwezi wa tatu akaja tena. "Maalim," akasema, "hii ya pili naimeza wala sioni kazi yake, na fedha yanila." Nasi tukamjibu: "Basi, Ami, kama huoni faida yake ya nini kujitaabisha? Shika ile inayokufaa." Tulilisema neno hilo kwa wepesi, kama mtu aliyeulizwa bei ya mkeka. Naye akalichukua kama fatwa, kwa kuwa limetoka kwa maalim.

Ukapita mwaka na nusu. Usiku mmoja mwanawe akatugongea mlango. Mzee tangu Isha hakupata hata tone, tumbo limekaza kama ngoma, jasho lamtoka, naye hawezi kukaa wala kulala. Hospitali walimtia mpira wa mkojo, ukatoka zaidi ya lita moja. Alipotulia, daktari akamwuliza maswali mawili: siku hizi mbili umekunywa dawa gani nyengine, na ile dawa ya pili uliiacha lini? La kwanza lilikuwa jepesi, alikuwa na mafua akanunua vidonge dukani. Na katika dawa za mafua zimo zinazokaza shingo ya kibofu au kukidhoofisha kibofu chenyewe. La pili hakulijibu. Alitutazama sisi. Basi sisi ndio tuliojibu.

Daktari hakutukaripia. Alisema hawezi kuapa kwamba lau angeliimeza ile dawa asingelifikwa na usiku ule. Kisha akatueleza khabari ambayo tangu hapo tumeisoma na kuithibitisha. Mwaka 1996 yalitolewa Marekani matokeo ya majaribio ya wanaume 1,229 waliowahi kuwa askari. Waliogawiwa dawa ya kulegeza pamoja na ya kunyweza hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko waliopata ya kulegeza peke yake. Wengi wakasema dawa ya pili yaongeza gharama tu. Lakini majaribio yale yalikuwa ya mwaka mmoja.

Yakafanywa mengine marefu zaidi, na matokeo yake yakatoka mwaka 2003. Walikuwa wanaume 3,047, wakafuatwa kwa wastani wa miaka 4 na nusu. Fungu moja walipewa vidonge visivyo na dawa, fungu la pili doksazosini, la tatu finasteridi, la nne zote mbili. Ukiwalinganisha na waliomeza vidonge vitupu, hatari ya ugonjwa kuzidi ilipungua kwa asilimia 39 kwa wenye doksazosini, asilimia 34 kwa wenye finasteridi, na asilimia 66 kwa wenye zote mbili. Tena ikaonekana kwamba dawa ya kulegeza peke yake huichelewesha tu siku ya kufungika mkojo, haiiondoi. Aipunguzaye hatari hiyo kwa miaka ni yule wa pili, mpole, asiyeonekana kazi yake. Mwaka 2010 yakaja majaribio mengine ya wanaume 4,844 kwa miaka 4, kwa tamsulosini na dutasteridi. Waliotumia zote mbili, hatari yao ya kufungika mkojo au kupasuliwa ilikuwa kiasi cha thuluthi moja tu ya ile ya waliotumia tamsulosini peke yake.

Wataalamu walidanganyika na mwaka mmoja, nasi tulidanganyika na miezi mitatu. Hatusemi hivi kwa kujitetea, kwani wao walirudi kupima, na sisi hatukuuliza.

Asije msomaji akaondoka hapa akamnunulia babake dawa mbili dukani. Aliye na tezi ndogo na taabu nyepesi huenda asihitaji hata moja. Mbili pamoja ni kwa yule ambaye daktari ameona tezi yake ni kubwa na taabu yake haikubali kungoja, na mwenye kumeza mbili hubeba madhara ya mbili. Ya kulegeza huleta kizunguzungu mtu anapoinuka, hasa siku za mwanzo. Mzee anayeamka Alfajiri akae kwanza ukingoni mwa kitanda, na anayeinuka kutoka sijida asiharakishe kumfuata imamu hata akaanguka. Akiona kichwa chazunguka, asali kwa kukaa. Akitaka kupasuliwa mtoto wa jicho, amwambie daktari wa macho kwamba anatumia au amepata kutumia dawa hii, kwani hulegeza na mboni, na daktari akijua mapema hujitayarisha.

Ya kunyweza kwa baadhi ya watu hupunguza haja ya unyumba na nguvu zake. Wake zao wajue hivyo, wasije wakadhani wamechukiwa. Vile vile hukishusha kadiri ya nusu kile kipimo cha damu kitumiwacho kutafuta saratani ya tezi dume. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa anameza dawa hii aweza kuona hesabu ndogo akatulia, kumbe si ndogo. Wala mwenye kuitumia asitoe damu ya kumpa mgonjwa mwengine mpaka daktari amwambie muda wa kungoja tangu kidonge cha mwisho.

Na hili ni la nyumba nzima. Katika nyumba zetu anayempa babu dawa ni mkaza mwana. Akiwa na mimba, au yumkini anayo, asikiguse kidonge cha finasteridi kilichovunjika au kusagwa, wala asiishike kapsuli ya dutasteridi, kwani dawa hiyo hupenya ngozi na yaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Kazi hiyo apewe kijana. Nasi tumewahi kuona kwa macho yetu mama mwenye mimba akimsagia mkwewe vidonge katika kinu cha iliki, kwa mapenzi na heshima, wala hapana aliyemwambia neno.

Funga ya Ramadhani haina shida hapa, maana dawa hizi huliwa mara moja kwa siku. Tamsulosini humezwa baada ya chakula kile kile kila siku, nusu saa hivi. Basi baada ya futari ndio wakati wake. Kwa watakao wepesi, tangu mwaka 2010 iko kapsuli moja yenye tamsulosini na dutasteridi pamoja, nayo humezwa nzima, haifunguliwi wala haitafunwi.

Mzee wetu alikaa na ule mpira siku kadhaa. Walipoutoa mara ya kwanza mkojo ulikataa, wakaurudisha. Mara ya pili ukakubali. Daktari alimwambia kwamba ukifungika tena hapana budi kupasuliwa, naye amekwisha kubali moyoni. Sasa ni mwezi wa nane anameza zote mbili. Huamka mara moja, pengine mara mbili. Isha yumo, Alfajiri yumo, ila safu ya kwanza hakurudi. Amechagua ya pili, karibu na nguzo, apate pa kushika anapoinuka. Kila akija darasani petu hutuonyesha vidonge vyake viwili kiganjani kabla ya kuvimeza, wala hatujui kama afanya hivyo kwa kutupa moyo au kwa kutukumbusha. Ama mjukuu wake, usingizi wa usiku ameupata, hana tena udhuru wa kusinzia, na bado hajaihifadhi Suratul Mulk.